Msindikizaji wa Tainaro

Jua lilikuwa linazama nilipotoka kumtafutia kaka yangu Ligoros msindikizaji. Mama alikuwa anakata roho kule kwake kwenye rasi ya Tainaro, na hakutaka kufa kabla ya kumwona. Lakini Ligoros alikuwa amejifungia kwenye mnara wa ukoo wetu mwaka wa pili sasa. Akina Kouris walikuwa na kisasi naye, na njia ya kwa mama inapita chini ya bunduki zao.

Kwetu Mani, mtu wa ukoo usiohusika akikusindikiza, hupigwi risasi. Ukimwacha tu, umekwisha.

Nilibisha kila mlango. Waoga wakubwa, hakuna aliyefungua.

Penye kisima cha kanisa nilimkuta mwanamume amekaa peke yake. Alinuka udongo mbichi.

"Nitampitisha," alinong'ona.

Sikumuuliza ukoo wake. Kosa hilo ni langu, na sijajisamehe.

Tukaenda watatu. Kokoto zililia chini ya miguu yangu, na chini ya miguu ya Ligoros. Chini ya miguu ya msindikizaji...

Kimya.

Kwenye majabali akina Kouris walitulenga. Kisha mkubwa wao, Dikaios, akashusha bunduki. Akapiga ishara ya msalaba, akimtazama msindikizaji.

"Vipi, Dikaios, risasi zimekuishia?" Ligoros akamkejeli.

"Pita, mbwa we. Pita upesi."

Tukafika njia panda. Juu, taa ya mama ilionekana dirishani. Msindikizaji akashika njia ya chini, ile ya pangoni, ambako tangu zamani inasemwa ndiko wafu waingiliako kuzimu.

"Kwa mama ni huku," nikamwambia.

"Njia yangu ni hii. Anayetaka usalama anifuate."

Nyuma yetu bunduki zikakokiwa.

Ligoros aliitazama ile taa. "Stavriani, dada yangu, mama ananingoja." Akaniachia mkono, akapanda.

Hatua tatu.

Mlio.

Dikaios aliteremka mbio. Hakumtazama kaka yangu aliyeanguka, alinitazama mimi.

"Yule mmemtoa wapi?" akaninong'oneza. "Yule ni Lyras. Tulimuua wenyewe miaka saba iliyopita, akiwa anasindikiza mtu."

Nilimtemea mate usoni. Hakujifuta.

Kichwa cha Ligoros kilikuwa mapajani mwangu, damu yake ya moto inanilowesha sketi. Lakini kule chini, kwenye njia ya pangoni, wanaume wawili walikuwa wanateremka bega kwa bega, na mmoja alikuwa na mwendo wa kaka yangu.

Nikamwita kwa jina.

Akaongeza mwendo.