Ndara ya Fahmo

Abdisamad Robow aliweka miito miwili kwenye menyu ya ile DVD, na menyu ikaita mara tatu.

Alikuwa kwenye kochi lake huko Wabera, mtaa wa Isiolo, rimoti mkononi, chai imepoa mezani. Kwenye runinga mkewe, Fahmo, alitoka mlango wa jikoni, akajifuta mikono kwa shali, akaita, "Abdi." Akangoja kidogo. "Abdi." Hapo ndipo Abdisamad alipokuwa amekata picha kwa mkono wake mwenyewe. Ilipaswa kurudi mwanzo, Fahmo atoke tena, aite tena, izunguke hivyo mpaka mtu abonyeze kitufe. Lakini haikurudi. Fahmo alibaki mlangoni, akatazama mbele, akaita polepole, kama mtu anayemwamsha mtoto mgonjwa.

"Abdi."

Na Fahmo alikuwa kaburini tangu mvua ya masika. Homa ilimshika akifua, ikammaliza nguo zikiwa bado kwenye kamba.

Sasa, huyu Abdisamad alikuwa fundi wa video za harusi. Siku hizi watu hurusha harusi kwa simu kabla bibi harusi hajafika mlangoni, lakini akina nyanya wa vijiji vya Kinna na Rapsu bado wana mashine zao za DVD chini ya runinga, wamezifunika vitambaa kama mtoto mchanga asipigwe na upepo. Hao ndio waliomlisha. Na hakukubali kuchoma diski isiyo na menyu. Diski bila menyu, alisema, ni nyumba bila mlango. Kila moja ilikuwa na vitufe vyake: Nikaha, Hina, Ngoma, Chakula. Kitufe cha Chakula ndicho kilichochakaza rimoti za watu, maana kila ukoo ulitaka kujua nani hasa aliondoka na paja la ngamia chini ya buibui.

Diski ya Fahmo aliombwa na mama mkwe wake, Fosia, aliyeko Kinna. Bibi huyo alikataa kabisa kutumiwa picha kwa simu. Simu ni ndogo, alisema, na mwanangu alikuwa mkubwa. Basi Abdisamad akakusanya picha zote alizowahi kumpiga mkewe, harusi yao, binti yao Shamis alipozaliwa, Idi, na nyuma ya vitufe akaweka ile picha ya mlango wa jikoni.

Kuna jambo wazee wa Isiolo hukufundisha kabla hujajua kuvaa kiatu mguu wake, uwe Msomali, Mborana au Mmeru. Ukiitwa magharibi na humwoni anayekuita, nyamaza. Jini huita mara moja, huita mara mbili, ya tatu hana ruhusa. Itika ya tatu. Abdisamad aliishika sheria hiyo kwa uchaji mkubwa, hasa alipoitwa kubeba maji. Fahmo aliita mara moja, akaita mara mbili, na ya tatu hakuita: alitupa ndara. Ilimpata hapa, kisogoni. "Sasa uliza," alikuwa akisema, "jini gani ana shabaha hii?"

Kwenye video ile, ndara ilikuja moja kwa moja kwenye lenzi. Abdisamad aliikata kwa heshima ya mama mkwe.

Kwa hiyo alijua. Mtu yeyote angejua. Fahmo wa kweli hakuwahi kuita mara ya tatu katika maisha yake yote. Lakini mgane ana sikio moja tu, nalo husikia linachotaka.

"Naam," akaitika. "Naam, mke wangu."

Stima ikakatika. Iliporudi ilirudi kwa kishindo, kompyuta ikatoa moshi, na picha zote za Fahmo zikaenda nayo. Ikabaki diski. Alipoipeleka kwa mafundi wenzake wamtolee nakala, kompyuta zao zilisema diski ni tupu. Nyumbani kwake tu ndipo ilipocheza.

Tangu hapo kila magharibi aliiwasha. Mama mkwe alipiga simu akiulizia diski yake, naye akamwambia bado anaipamba. Hakuwa anaipamba. Alikuwa anakaa mbele yake kama mtu anayeota moto. Harufu ya uunsi, ule ubani Fahmo aliofukizia nguo, ikajaa sebuleni bila chetezo kuwaka, na chini yake harufu nyingine, ya udongo uliofukuliwa. Sufuria jikoni zikawa vuguvugu bila mtu kupika. Na Fahmo kwenye runinga, ambaye mwanzoni alisimama mlangoni, siku moja alikuwa hatua moja nje ya mlango, na siku nyingine amefika kwenye ndoo, na baadaye ameipita ndoo, akijifuta mikono kwa shali lile lile lililokuwa sasa linadondosha maji, mikono isiyokauka, macho yasiyopepesa, akikua kila mara picha ilipozunguka hadi vitufe vyenyewe, Harusi na Idi na Shamis Azaliwa, vikawa vimemkaa kifuani kama vibandiko kwenye jeneza.

Jirani yake Gaceri, Mmeru muuza miraa aliyekuwa chanda na pete na marehemu, alivumilia mpaka akashindwa. Mwanamke huyu sauti yake ilisikika hadi stendi, lakini siku hiyo aliongea kama yuko kanisani.

"Baba Shamis. Nani anakuita kila jioni?"

"Ni video, mama."

"Video inaita ukiwa umeenda msikitini? Na nyumba umefunga?" Akatazama nyuma yake. "Mimi nimejua Fahmo miaka. Fahmo alikuwa anaita kama anauza nyanya. Huyu anabembeleza. Aki mimi naogopa mtu anabembeleza."

Ni yeye, Mkristo, aliyemleta Sheikh Kuno, mzee wa Kiborana anayewasomea watu Kurani kufukuza majini. Alifika kwa boda, kanzu ameifunga magotini, akilalamika kwamba majini hayajawahi kumtisha kama huyo dereva. Alipoingia sebuleni mzaha ukamkauka mdomoni. Akatazama menyu ikizunguka, akauliza inafanyaje kazi. Abdisamad akamweleza: inaita mara mbili, inarudi mwanzo, inaita mara mbili.

Sheikh akahesabu kwa vidole.

"Jini alipewa miito miwili," akanong'ona. "Wewe umempa duara. Ikizunguka, ule wa kwanza unakuwa wa tatu. Nawe ukaitika." Alisema yeye atasoma, maana kusoma ndiyo kazi yake, lakini mlango huo aliufungua Abdisamad kwa mkono wake na hakuna mkono mwingine utakaoufunga. Diski ivunjwe, ichomwe.

Abdisamad akakataa. Alisema, bila hasira, kwamba hana sauti nyingine ya mkewe duniani, na kama ni jini, basi amezoea. Mzee akasoma, akaondoka akitikisa kichwa.

Siku iliyofuata stima ilikatika mtaa mzima, na runinga ikabaki inawaka. Abdisamad alikuwa anatawadha uani. Alipoingia alimkuta bintiye Shamis amesimama mbele ya kioo cha runinga, na kwenye kioo hapakuwa tena na mlango wala ndoo, palikuwa na uso tu.

"Shamis," ikaita.

Jina hilo halikuwemo kwenye picha ya mlango wa jikoni. Alipopiga ile picha, Shamis hakuwa hata amezaliwa.

"Baba," mtoto akasema kwa sauti ndogo, "ni mama. Niitike?"

"Nyamaza, mwanangu. Usiitike."

"Shamis," ikaita tena, kwa utamu kama asali ya Meru, na mtoto akafumbua mdomo, na Abdisamad akaona kwamba yule wa kwenye kioo naye anafumbua wake, taratibu, sawasawa na wa mtoto, akaivamia mashine, akabonyeza, na trei ikatoka kama ulimi, na diski ilikuwa ya moto na imelowa, na runinga bila diski ikaanza kuita mara ya tatu, "Sha", naye akaivunja diski gotini.

Runinga ikazimika.

Vipande alivitia kwenye jiko la Gaceri. Moshi ulikuwa mweusi, wa plastiki, wa kawaida kabisa. Gaceri alimpakata Shamis mapajani, akalia bila sauti, jambo ambalo Wabera yote haikuwahi kuona.

Mama mkwe alipopiga simu, Abdisamad alimwambia diski imeharibika, na picha zote zimeungua. Fosia akasema, "Basi, mwanangu, niigizie. Alikuwa akiitaje?" Abdisamad akajaribu. "Abdi," akasema. Akajaribu tena, akaibana sauti, akaiachia. Ilitoka ya jini. Kila alivyojaribu ilitoka ile tamu, ile ya kubembeleza, na sauti ya mkewe, ile ya kuuza nyanya, hakuipata tena kichwani. Akakata simu.

Na bado kila magharibi sauti huita kutoka jikoni. Mara moja. Mara mbili. Shamis amefundishwa, hujifunika masikio na kusoma alichofunzwa, na ya tatu haiji.

Abdisamad haitiki. Hukaa kochini akiupa mgongo mlango wa jikoni, ameinamisha kichwa, ameshusha kola ya kanzu, kisogo kiko wazi. Anangoja kupigwa ndara.