Mafuta Kwenye Silinda ya Orville

Nilikuwepo. Wengine watakusimulia habari za bastola ya Orville Tesch kwa kusikia baa. Mimi nilisimama jikoni kwake kwa miguu yangu miwili, na hakuna mwanaume hapa Idaho anayezijua bastola za silinda kunishinda.

Verna, mjane wake, alinipigia simu jua likielekea milimani.

"Shemeji Lyle, njoo ulichukue hili dude la rafiki yako. Uje kabla ya saa kumi na mbili."

Nilikwenda mbio. Sikukimbilia mjane, nisikudanganye. Bastola za aina ile zilitengenezwa kumi na tisa tu. Risasi yake ina shingo kama chupa, kitako kinene, mdomo mwembamba, na kiwanda kiliacha kuitoa kabla sijazaliwa. Orville alijitengenezea mwenyewe, moja moja.

Verna akanionyesha ukuta. Matundu manne.

"Tangu Jumapili tuliyomzika," alinong'ona. "Kila jioni tundu moja, saa ile ile aliyokuwa akikaa kuisafisha. Lile la kwanza liko kule mlangoni. La jana..." Akagusa sikio. Lilikuwa limefungwa bandeji.

"Nani anaifyatua?"

"Unaniuliza mimi? Inakaa mezani peke yake. Niliitupa mtoni, nikarudi nikaikuta hapo hapo, inachuruzika maji."

Nikaikumbuka desturi ya Orville uwanja wa shabaha. Tano za kupima. Ya sita ndiyo yenyewe, na ya sita hakuwahi kuikosa.

Leo ilikuwa ya tano.

"Alisema hatakaa huko kaburini peke yake," Verna akasema. "Nikadhani ni mapenzi."

Nikafungua silinda, kile kigurudumu kinachobeba risasi. Risasi mbili zilibaki. Nikazitoa, nikazitia mfukoni. Kisha nikachukua kichupa cha mafuta ya bunduki, nikayamimina kwenye matundu yote sita ya silinda mpaka yakadondoka mezani.

"Orville angekutandika," Verna akasema.

Angenitandika kweli. Risasi ya shingo ya chupa haitaki mafuta hata chembe. Tundu likiwa na utelezi, ganda la risasi linarudi nyuma linapolipuka, linabana, na silinda haizunguki tena. Ni kosa la wanaojifunza. Orville aliyapangusa matundu yake kwa spiriti mpaka yakauke kama mfupa.

"Risasi si umeshazitoa? Mafuta ya nini?"

"Bastola imerudi kutoka mtoni, shemeji. Risasi zitashindwa kutoka mfukoni?"

Nikapapasa mfuko.

Mtupu.

Saa ya ukutani ikagonga. Ikaja harufu ya tumbaku ya kiko chake, tamutamu. Halafu ndara zikiburuzwa kwenye mbao... shwa... shwa... Kiti kikalia, kama kimekaliwa na mtu mzito.

Silinda ikajifunga yenyewe.

Nikamvuta Verna chini.

Ulipolipuka mlio, chokaa ya ukuta ilitumwagikia vichwani. Tundu la tano, upana wa kidole tu kando ya pale kichwa chake kilipokuwa.



Kisha... kr... kr... Kuna mtu alikuwa akilazimisha silinda izunguke, kwa dole gumba, kwa hasira. Haikwenda. Akavuta pumzi ndefu. Na sauti ya chini, ya Orville kabisa, ikauliza:

"Nani katia mafuta?"

Hakuna aliyejibu.

Harufu ikaisha. Verna akaniomba nikaidumbukize kwenye shimo la mgodi wa zamani, nami nikaapa nitafanya hivyo. Lakini kumi na tisa tu, jamani. Kumi na tisa dunia nzima. Iko gereji kwangu ndani ya sefu, imekwama na ile risasi moja ya mwisho. Verna amehamia kwa dada yake Boise, na tundu la sita halikutokea popote. Analala vizuri.

Haya yote ni kweli tupu isipokuwa jambo moja, nililolitunga kwa sababu linaninyima usingizi. Nilisema hakuna aliyejibu. Verna alijibu. Alininyooshea kidole akanitaja, jina langu na la baba yangu, na barabara ninayokaa.

Jana saa kumi na mbili jioni niliingia gereji kuchukua koleo. Sefu imefungwa kama nilivyoiacha. Lakini inanuka spiriti.