Spika ya Kushoto

Khrrr… khrrr… kisha kimya.

Nduku akaamka. Ilikuwa saa nane za usiku, mwaka wa 1998, katika nyumba yao ya kukodi Machakos. Ile redio kubwa ya zamani, ambayo mumewe Kisilu aliinunua Kangundo kwenye boma la mzee marehemu aliyesemekana kufuga majini, haikuwa imechomekwa kwenye stima. Spika ya kushoto ndiyo iliyokwaruza, ikakatika, na kilio cha Mutindi, kitoto cha Nduku cha miezi minne, kikakatika nayo. Mdomo wazi, machozi yanatiririka, sauti hakuna.

Siku ya tatu sauti ya mtoto haijarudi. Kisilu akiwa kazini, Nduku akamwita Wambua, fundi wa redio.

"Ni vumbi tu, mama Kalunde," Wambua akacheka. "Hizi za zamani hukohoa kama nyanya yangu."

Akasafisha swichi ya sauti kwa spiriti. Mkwaruzo ukabaki.

"Basi tubadilishe waya za spika. Ubovu ukihamia kulia, kosa liko ndani ya redio."

Alipochomoa waya zote mbili, Kalunde, dada yake Mutindi wa miaka mitano aliyekuwa akiimba sakafuni, akanyamaza katikati ya neno. Wambua akazirudishia mbiombio, ya kushoto kulia, ya kulia kushoto, na papo hapo Mutindi akapasua chumba kwa kilio, kilio kitamu ambacho Nduku alikuwa amekiombea siku tatu nzima, lakini spika ya kulia nayo ikaanza khrrr, ikatoa harufu ya udi na nywele zilizoungua, na Kalunde akawa anamvuta mama yake leso, anaita, anaita, na hakuna kinachotoka.

Ubovu umehama.

"Kata waya zote, fundi!"

"Si umeona nilipochomoa? Wote wawili walikosa sauti." Wambua akarudi nyuma hatua moja. "Hili si vumbi, mama. Linataka sauti ya mmoja. Niambie ni nani."

Nduku akamtazama huyu, akamtazama yule, akawaza kwamba Mutindi hajawahi kusema neno, hatajua alichokosa, na Kalunde anajua kuniita, huyu ananiita, Mungu nisamehe, Mungu nisamehe.

"Rudisha waya zilivyokuwa."

Kilio kikakatwa kama uzi.

"Baba yao asijue kwamba nilichagua," akanong'ona. "Niapie, fundi."

"Haki ya Mungu," Wambua akasema, begi tayari begani.

Na miguuni pa Nduku kasauti ka Kalunde kakatoka, safi kabisa.

"Hata mimi, mami. Sitaambia mtu."