Goti la Elphas Gazetini

Wazazi wenzangu, ningependa kuwasimulia jambo la kufurahisha, lakini leo sina. Nina hili la nyumba ya Truphosa, na kila nikilikumbuka natamani kutema mate.

Nyumba hiyo ilikuwa na amani. Kibanda cha Truphosa kilikuwa mbele ya mlango wake pale mtaa wa Rhonda, na ikifika saa moja asubuhi chai ilikuwa imechemka na mandazi ya kwanza yameiva. Mumewe, Joash Makhanu, alikuwa fundi wa baiskeli, mtu wa kanisa, mpole. Mtoto wao wa pekee, Elphas, alichezea Reli Rangers, timu ambayo babu yake, kibarua wa reli, aliishangilia mpaka siku alipozikwa. Hawakuwa na mengi, na Truphosa hakulalamika.

Kisha Elphas akafunga mabao matatu siku moja, na picha yake ikatoka gazetini. Joash alinunua nakala tatu. Alichota unga wa ngano wa mandazi, akapika gundi, akabandika ukurasa ule ukutani juu ya meza ya kulia. Truphosa alicheka siku hiyo, hata yeye alikuwa na furaha. Lakini kila wiki ikawa ukurasa mwingine na unga mwingine, mpaka mabati ya ndani yakawa hayaonekani. Baiskeli za watu zikalala nje zikinyeshewa. Fundi alikuwa stendi, kwa Thuo muuza magazeti, pale wanaume wanaposoma bure huku wameinamisha shingo.

"Soma mzee, lakini usikunje," Thuo alikuwa akimwambia.

Joash hakukunja. Alisoma kwa sauti, na alipofika mahali palipoandikwa "babake nyota huyo", alirudia mara mbili ili aliyekuwa nyuma asikie. Nawaambieni, Truphosa alipita hapo siku moja akitoka sokoni na mafuta yake ya kukaangia, akaona haya, akavuka barabara.

Ikafika wiki ya mechi kubwa. Reli Rangers walikuwa wakutane na Miamba wa kule Lanet, na magazeti yalikuwa yamejaa "watani wa jadi" na "patachimbika", maneno ambayo waandishi huyapasha moto kila mwaka kama kiporo cha maharagwe. Jumatano mchana Elphas akaja nyumbani akichechemea. Wahenga walisema ng'ombe avunjikapo guu hukimbilia zizini. Alikaa kwenye kiti cha babake, akavuta suruali, akawaonyesha goti la kushoto. Lilikuwa limevimba.

"Mum, daktari wa timu amesema halijashikana sawa. Nitaingia tu zile dakika ishirini za mwisho, na mtu asiliguse. Likigongwa tena, nimemaliza mpira."

"Basi usicheze," Truphosa akasema.

"Kuna watu wa timu fulani ya Dar wanakuja kuniona. Dakika ishirini zinatosha. Nimewaambia ndio mkiniona bench msianze kutukana kocha." Akamgeukia babake. "Daddy, hii maneno iko kwa kambi peke yake. Miamba wakijua, watanimaliza."

"Imekufa hapa hapa," Joash akajibu, na akamshika mwanawe mkono. Truphosa aliuona mkono ule kwa macho yake.

Sasa sikilizeni kilichoifufua siri hiyo iliyokufa. Alhamisi asubuhi gazeti lilikuwa na picha ya rangi, nusu ukurasa, ya baba wa kipa wa Miamba, ameketi kwenye kochi. Pale kwa Thuo wanaume wakamwangalia Joash.

"Mzee Makhanu, leo umepitwa," mmoja akasema, na wengine wakacheka.

Utani mdogo tu, wa watu wasiokuwa na kazi. Mtu mwenye akili angecheka nao, akaenda kuziba pancha. Joash alitembea hatua chache, akatoa simu, akampigia mwandishi anayeitwa Gathogo. Hakuulizwa. Alipiga mwenyewe, na mchana huo, Truphosa akiwa sokoni, Gathogo akaja nyumbani na kamera.

Ijumaa Thuo aliacha stendi yake na kuja mpaka kibandani na gazeti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hakutaka pesa. Aliliweka mezani kando ya mandazi, akasema, "Mathe, pole," akaondoka.

Picha ilikuwa ya rangi, ukurasa mzima. Joash alikuwa amevaa suti yake ya harusi, amesimama mbele ya ukuta uliobandikwa kwa unga wa mkewe, akitabasamu, na kidole chake kimeelekezwa kwenye goti lake mwenyewe la kushoto. Chini paliandikwa maneno yake: "Hata akiwa na goti moja la kulia, Elphas atawamaliza Miamba."

Truphosa aliketi kwenye debe la maji. Mumewe alipotokea, tayari alikuwa na nakala nne kwapani.

"Umemuuza," akamwambia.

"Nani ameuza? Nimewatisha tu. Na mtoto ni wangu, nisimwongelee?"

"Si ulimshika mkono?"

Joash akaangalia chini, lakini alikuwa akiangalia gazeti. "Wamenitoa vizuri, lakini," akasema.

Truphosa alimpigia Elphas, akamsihi asicheze. "Mum, tayari wameona," kijana akajibu. "Nikikataa, watu wa Dar watasema niko na uoga. Niombee tu." Hakumtaja babake hata kidogo.

Jumapili, baada ya ibada, Truphosa alienda uwanjani kwa mara ya kwanza maishani mwake. Dakika ya sabini Elphas akaingia. Upande wa mashabiki wa Miamba watu wakainua magazeti juu, wakayapunga, wakaimba pamoja: "Kushoto! Kushoto!" Watu wazima, wenye watoto nyumbani. Beki wao namba tano alingoja mpira umfikie Elphas mara ya pili tu. Hakuufuata mpira. Truphosa hakusikia goti likivunjika, alikuwa mbali mno, lakini alisikia mwanawe.

Mngedhani mambo yameishia hapo. Mimi pia ningependa yaishie hapo.

Jumatatu, hospitalini, Elphas alikuwa amelala na mguu umefungwa plasta toka pajani. Daktari alikuwa ameshawaambia kwamba atatembea, lakini mpira asahau. Mlango ukafunguliwa, akaingia Gathogo na kamera.

"Poleni sana familia. Mzee, kapicha kamoja tu. Wasomaji wanataka kujua hali ya kijana."

Ndugu zangu, Joash alisimama. Alitoa kichana mfukoni, akachana nywele, akafunga vifungo vya koti, akaenda kando ya kitanda. Halafu, bila kuambiwa na mtu, akanyoosha kidole kuelekea plasta.

Elphas alimtazama babake, kisha akageuza uso ukutani.

Truphosa aliweka kiganja chake juu ya kioo cha kamera. "Kijana, toka," akasema polepole. Gathogo akatoka. Joash akabaki na kidole chake hewani. "Na wewe pia," Truphosa akamwambia.

Wiki tatu baadaye gazeti lilikuwa na nyota mwingine. Joash alisoma ukurasa wa nyuma mara mbili pale kwa Thuo, akamuuliza kama hakuna gazeti jingine lililowataja. Hakukuwa na lolote. Alijaribu kumpigia Gathogo, na simu haikushikwa tena.

Siku hiyo hiyo Truphosa alichemsha maji, akachukua kisu, akaanza kubandua kurasa ukutani. Mabao matatu yalitoka, sifa zote zikatoka, akafungia mandazi zile zilizotoka kavu. Lakini picha ya goti, iliyokuwa ya mwisho na iliyobandikwa kwa gundi nzito kuliko zote, ilikataa. Aliimwagia maji ya moto, ikakataa. Akaiacha. Iko hapo hadi leo, juu ya meza, mkabala na kiti cha Joash. Elphas hula akiwa kitandani kwake. Joash hula mezani peke yake, na kila akiinua macho anajiona anatabasamu na kuonyesha kidole.

FUNZO

Mtoto akikuletea jeraha lake, amekupa siri, hajakupa habari. Wako waandishi wanaonunua na mashabiki wanaopunga, na wote wananuka, lakini hakuna aliyeingia nyumbani kwa Truphosa kuiba. Aliyetoa ni mwenye nyumba. Mzazi, sifa za mwanao ni zake. Ukizitaka mno ziwe zako, utazilipia kwa mwili wake, na gazeti linalokusifu leo, kesho litafungiwa mandazi.