Kilima cha Ukoo Hakisainiwi na Mtu Mmoja

Theilin alikuwa na mazoea yake. Kila asubuhi alibandika chai ya rangi, akakata kokwa ya popoo, akapaka chokaa kwenye jani la tambuu, akaanza kutafuna. Kabla ya hapo hakuna aliyemsogelea.

"Mwacheni kwanza mama yenu atafune," mumewe Khraw aliwaambia watoto. "Duka bado halijafunguliwa."

Baada ya chai, mke na mume walishuka shambani. Shamba lao lilikuwa la mipopoo, na kwenye kila mpopoo ulitambaa mtambuu. Mtambuu hautaki kiu. Mvua ikikatika miezi ya baridi, watu wa kijiji hiki cha Wakhasi, katika milima ya India, huleta maji ya chemchemi kwa mianzi. Mwanzi mmoja humwaga kwenye mwanzi mwingine, kutoka kilimani mpaka bondeni, na kila shina hupata tone lake. Hakuna pampu wala mafuta. Wenye akili walikuwa wale waliobuni jambo hilo! Ukisimama shambani unaiona Bangladesh chini kule, tambarare tupu, maji yanameremeta. Mpaka uko hapo hapo, na askari wana kambi yao.

Asubuhi moja maji yalikuja mekundu. Halafu yakakatika kabisa.

"Panya hao. Wametoboa mianzi," Khraw alisema.

Theilin alipanda kilima mbio. Alijua kwamba si panya. Juu, karibu na chemchemi, alikuta katapila la manjano limechimba ubavu wa kilima. Mawe ya chokaa yalikuwa wazi, meupe pe. Hatua chache tu kutoka hapo palikuwa na jiwe kuu la ukoo, na chini ya jiwe hilo ilihifadhiwa mifupa ya bibi zake wote.

"Simamisha!" alipiga kelele. "Simamisha hilo dude lako!"

Dereva alizima injini, akamtazama kwa huruma. "Mama, mimi natumwa tu. Nimeambiwa mwenye kilima amesaini."

Mwenye kilima! Theilin alikaa kwenye tope. Aliyesaini ni yeye.

Ilikuwa hivi. Theilin ni kitinda mimba. Kwa Wakhasi, binti wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya mama na ardhi ya ukoo. Mume huhamia kwake, na watoto huchukua ukoo wake. Basi siku za nyuma alikuja kijana mmoja, Wanphrang, Mkhasi wa mjini, viatu vinang'aa, maneno matamu.

"Dada, kitinda mimba si wewe? Basi mali ni yako. Wanaume wa nini? Saini hapa, tuchukue vijiwe vichache tu. Na hilo paa linalovuja, nitakuwekea mabati mapya."

Paa lilikuwa linavuja kweli. Lakini kusema kweli, Theilin hakusaini kwa ajili ya paa. Alipenda kuitwa mwenye mali. Akasaini, wala hakumwuliza mtu.

Mabati yakaja. Na katapila nalo likaja.

Mchana huo mjomba wake Shemphang aliingia nyumbani, amelowa chapachapa kwa mvua ya kwanza ya msimu. Alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mama yake. Theilin alimsogezea sahani ya tambuu. Mzee hakunyoosha mkono.

Mkhasi akikataa tambuu yako, afadhali angekutukana.

"Nimekosa nini, mjomba?"

"Ala! Unaniuliza mimi? Mama yako alikuachia ufunguo. Hakukuachia uuze mlango. Mifupa ya bibi yako niliibeba kwa mikono hii kuipeleka pale. Leo unaniuliza umekosa nini?"

"Walisema ni vijiwe tu..."

"Vijiwe! Haya, kaa chini ya mabati yako." Mzee akatoka, akarudi kwenye mvua.

Theilin alilia kwa sauti. Khraw alikuna kichwa. Kilio kilimfikia jirani yao, Daplin. Huyu alikuwa msaidizi wa sheria, akizunguka vijijini kuwafundisha watu haki zao. Aliingia bila kubisha hodi.

"Kuna msiba?"

"Heri ungekuwa msiba," Theilin alisema. Akamweleza yote. "Maji yakimwagika hayazoleki, dada. Karatasi ina muhuri. Nani atashindana na serikali?"

Daplin alicheka. "Wanphrang amekuwa serikali tangu lini? Futa kamasi, unisikilize. India ni nchi kubwa mno, sivyo?"

"Ndiyo."

"Ina makabila mengi na lugha nyingi. Sisi wa milimani ni wachache, tena tuko ukingoni kabisa. Ukituwekea sheria za tambarare peke yake, baada ya muda hatuna hata pa kuzikana. Wazee wetu waliliona hilo mapema. Katiba ilipokuwa ikiandikwa, walisema: sisi tumo ndani ya nchi hii, lakini mambo ya nyumbani kwetu tutayaendesha wenyewe. Ikakubaliwa, ikaandikwa. Ni haki, si hisani ya mtu."

"Mambo ya nyumbani ni yapi?"

"Ardhi ya ukoo. Urithi. Ndoa. Uenyekiti wa vijiji. Kesi zetu za mila. Baraza la kijiji linaamua, na juu yake kuna Baraza la Wilaya, ambalo wajumbe wake tunawachagua sisi. Jeshi, mpaka na sarafu, hivyo ni vya Delhi."

Khraw aliinua kidole. "Ngoja, nimeelewa. Delhi ni kama mimi humu ndani. Nipo, nalinda mlango, ninaheshimiwa. Lakini si mimi ninayegawa ardhi."

Hata Theilin alicheka katikati ya machozi.

"Shemeji, ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa zawadi," Daplin alisema. "Lakini msijidanganye. Wakubwa wa mbali husahau, na wajanja wa karibu hunyemelea. Haki hii haitaki usingizi. Sasa shikeni mambo mawili. La kwanza: kwa mila yetu, kitinda mimba ni mtunzaji. Hauzi wala hakodishi ardhi ya ukoo bila wajomba na ndugu zake. Nao wajomba hawauzi bila yeye. Saini ya mmoja ni nusu saini."

"Na la pili?"

"Sheria ya jimbo letu inakataza ardhi ya watu wa milimani kwenda kwa mtu wa nje bila kibali maalumu. Nikuulize, Wanphrang ana katapila?"

"Atalitoa wapi? Hana hata baiskeli!"

"Basi yuko mtu nyuma yake. Ipeleke kesi barazani."

Theilin aliinamisha kichwa. Baraza la kijiji chao lilikuwa la wanaume tangu enzi na enzi. Kuku jike akiwika, wazee walisema, dunia imekwisha. Mwanamke alisemewa na mjomba wake. Na mjomba ndiye huyo, amekataa tambuu.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," Daplin alisema. "Mfuate."

Kesho yake Theilin alibeba tambuu, akamkuta mzee Shemphang kibarazani kwake, anapasua mianzi. Alikuwa anatengeneza njia mpya ya maji, bila kumwambia mtu. Theilin alichuchumaa karibu naye.

"Mjomba, nilijiona mkubwa. Nilisifiwa nikavimba kichwa. Nimekuja kukuomba radhi."

Mzee aliendelea kupasua. "Na mabati?"

"Nitayang'oa, nimrudishie mwenyewe."

"Mtalowa."

"Tutalowa."

"Khraw anajua?"

"Anajua. Amesema yeye alikuja kuoa, hakuja kukauka."

Mzee alijaribu kununa, ikashindikana. Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanyoosha mkono. "Lete hiyo tambuu."

Siku ya baraza watu walijaa ukumbini. Wanawake walisimama nje madirishani, Theilin na Daplin miongoni mwao. Wanphrang alikaa mbele. Pembeni yake alikaa wakili kutoka mjini, na nyuma, karibu na mlango, mfanyabiashara wa mawe mwenye miwani, mtu wa tambarare. Ilisemekana ni rafiki tu.

Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Skhem, alifungua kikao. Wakili alisimama papo hapo. "Mheshimiwa, mteja wangu Wanphrang ana mkataba halali..."

"Kaa, bwana wakili," Mwenyekiti alisema kwa upole. "Mkataba unasema aliyekodi ni Wanphrang. Wanphrang ni Mkhasi. Theilin ni Mkhasi. Wakhasi wawili wakigombea ardhi ya ukoo, kesi ni ya baraza hili, kwa mila yetu na kwa lugha yetu. Na katika baraza la kijiji mawakili hawasemi. Si mimi niliyetunga. Ndiyo kanuni, na serikali inaitambua. Wewe kunywa chai."

Wakili alimtazama Wanphrang. Wanphrang alitazama viatu vyake.

Mwenyekiti akamgeukia mjomba. "Mzee Shemphang, msemee mpwa wako."

Mzee alisimama polepole. "Nitasema langu moja. Ukoo haukuulizwa, nami sikuridhia. Lakini siku ya kusaini sikuwapo. Aliyekuwapo ni kitinda mimba wetu. Naomba aingie aseme mwenyewe."

Minong'ono ikazuka. "Mwanamke barazani?" mmoja alifoka. "Kuku jike awike?"

"Kuku jike ndiye anayemwona mwewe kwanza," mzee Shemphang alijibu. "Ninyi majogoo mlikuwa wapi katapila likipanda kilima?"

Watu waliangua kicheko. Mwenyekiti naye akacheka, akaashiria kwa mkono. Theilin aliingia. Alisimama wima katikati ya ukumbi, mahali ambapo mama yake hakuwahi kusimama.

"Nilikosea," alisema. "Nilidhani kuwa mtunzaji ni kuwa mwenye mali. Nimejifunza. Sasa nina swali moja tu. Wanphrang, mdogo wangu, lile katapila ni la nani?"

Wanphrang alimeza mate. "Ni... ni langu."

"Lako kabisa?"

"Langu, dada."

Theilin alimgeukia Mwenyekiti. "Basi, kama ni lake, ukoo wetu unaomba likamatwe. Limevunja chemchemi. Limekaribia mifupa ya bibi zetu. Kwa mila, chombo kilichovunja mpaka hushikwa na kijiji mpaka fidia ipatikane."

"Ni haki," Mwenyekiti alisema. "Vijana, nendeni mkalikamate..."

"Msiliguse!" Sauti ilitoka mlangoni. Mfanyabiashara wa miwani alikuwa amesimama, anatweta. "Hilo ni katapila langu! Nimelinunua mimi! Na kilima kile nimekilipia mimi, si huyu mtoto!"

Wakili alifunika uso kwa viganja.

Daplin hakuweza kujizuia. Aliingiza kichwa dirishani. "Haya, ameyasema mwenyewe! Kama kilima ni cha Wanphrang, mila inakataa, maana ukoo haukuridhia. Kama ni chake huyu bwana, sheria ya jimbo inakataa, maana ni mtu wa nje na kibali hana. Achague mlango wa kutokea!"

Kelele zilizopigwa pale, hata askari wa mpakani walizisikia. Wazee walipiga meza. Yule aliyefoka kuhusu kuku jike alipiga meza kuliko wote. Theilin alijiona mrefu. Alifikiri: kumbe sisi wachache, wa huku ukingoni, tuna nguvu hizi, na tunalala nazo ndani kama watu wasio na kitu!

Baraza liliamua kwamba mkataba hauna nguvu, na katapila lishikwe mpaka mfanyabiashara alipe fidia. Uamuzi ukapelekwa Baraza la Wilaya, na huko ukathibitishwa. Ukoo wa Theilin nao ukajiwekea utaratibu: ardhi ikitajwa, kitinda mimba, wajomba na ndugu wote wakae pamoja kwanza, kisha jambo litangazwe barazani, mchana kweupe. Koo nyingine zikaiga. Na wanawake wote wenye nyumba sasa hukaa ndani ya ukumbi na kusema. Wako wazee wanaonuna bado. Wanune tu.

Maji yalirudi kwenye mianzi, safi. Mabati yalirudi mjini. Khraw aliezeka upya kwa majani, akalalamika kazi nzima.

Fidia ikalipwa, na siku katapila lilipokuja kuondolewa, mvua ilinyesha kama imetumwa. Njia ikawa tope. Nusu ya mteremko, katapila likazama. Mfanyabiashara alihangaika, amelowa, miwani imejaa maji. Mwishowe akaja kwa Mwenyekiti, hana pa kuweka uso.

"Nisaidieni watu wa kulisukuma."

Mwenyekiti alimtazama mzee Shemphang. Mzee alimtazama Theilin.

"Ni uamuzi wako, kitinda mimba," alisema. "Liko kwenye ardhi unayoitunza."

"Wewe unaonaje, mjomba?"

"Mimi nakubali."

"Basi ukoo umekubali," Theilin alisema.

Kijiji kizima kikatoka. Walikuja na kamba, na mbao, na matusi ya utani. Khraw alivua shati. Daplin alipandisha vazi lake magotini. Theilin alibandika mabega kwenye chuma baridi, pembeni mwa mjomba wake, tope limewafika mapajani.

"Moja, mbili, sukuma!"

Katapila likanguruma, likatikisika, likaanza kwenda.

"Sukuma, mwanangu!" mzee alipiga kelele, kofia imemteremka machoni. "Kwetu mgeni husindikizwa mpaka njiani!"