Picha ya Saa Tatu na Dakika Kumi na Mbili

Katungu hakuwa na sare, wala kadi ya polisi, wala pikipiki. Hakuwa na cheti chochote isipokuwa cha darasa la sita, na miwani yake ilikuwa na kioo kimoja kilichopasuka. Hakuwa hata na kiti katika ofisi ya kamati ya wavuvi wa Kyavinyonge, ambako alikuwa sekretere. Aliandikia juu ya goti. Lakini Jumamosi ile, saa tano asubuhi, kamati ilipofika laguni na kukuta gogo tupu, ni yeye peke yake aliyetazama chini kabla ya kutafuta mtu wa kulaumu.

Laguni ni maji yaliyotengwa na ziwa kwa ukingo wa mchanga. Samaki huzalia humo, kwa hiyo kuvua ni marufuku. Juu ya gogo lile kobe watano wa maji waliota jua kila asubuhi, shingo nje, bila haraka. Delphin, mpiga-picha wa Vulamba, mjini Butembo, alikuwa amekuja mara sita kuwapiga picha kwa simu yake kubwa. Siku hiyo, baada ya salongo, usafi wa Jumamosi ambao kijiji kizima hufanya ufukweni, aliwaalika wanakamati wakajionee wenyewe.

Topeni palikuwa na alama ya gunia lililoburutwa. Ndani ya matete palikuwa na wavu uliochanika, nao ulikuwa wa Muyisa.

Muyisa aliitwa akaja na mikono yenye magamba ya samaki.

"Wavu ni yangu," alisema. "Niliutandika pale ukauke. Nilipita na pirogi kisha salongo, gogo ilikuwa mutupu. Nikasema labda banaogopa mamba."

"Na hukuambia mutu?" aliuliza Prezida Jean-de-Dieu, mkuu wa kamati.

"Prezida, nikuje kukuambia kobe hapana pale? Ungeniuliza kama nimelewa."

Delphin hakupandisha sauti. Alifungua simu na kuizungusha ili kila mtu aone: kobe watano juu ya gogo, maji yaking'aa. Pembeni palisomeka 9:12, yaani saa tatu na dakika kumi na mbili.

"Saa hiyo walikuwa wazima," alisema. "Saa tatu na dakika ishirini nilikuwa kwa Mama Orpa, nakunywa chai na ninyi wenyewe. Toka hapo hamukuniacha. Donc, nani alibaki laguni?"

Wote walimtazama Muyisa. Kura ilipigwa kabla jua halijafika utosini: saa kumi jioni pirogi yake, mtumbwi wake pekee, itavutwa nchi kavu hadi mwaka uishe. Muyisa alikuwa na watoto sita, na hakuwa na shamba.

"Unitumie ile picha," Katungu alimwambia Delphin. "Nitaiweka kwenye ripoti."

Aliituma mara moja, bila wasiwasi.

Saa sita Katungu alikwenda kwa Orpa, ambaye aliuza chai na kupangisha chumba alicholala Delphin.

"Alifika hapa saa gani?"

"Kisha tu salongo. Nilikuwa hata sijaosha bikombe. Saa yenyewe sijui, mama. Hii simu yangu ikifika kando ya maji inahamia mutandao ya Uganda, ng'ambo ya ziwa, inajiongezea saa moja. Jana imeniamusha, nikatukana jogoo sababu amechelewa. Kumbe jogoo iko Congo."

Katungu alicheka, kisha akaacha kucheka. Aliketi juu ya kreti, akafuta kioo kizima cha miwani, akafungua tena ile picha. Safari hii aliwaacha kobe, akaivuta picha mpaka nyuma, kule ufukweni. Aliiangalia kwa muda mrefu kuliko ripoti yoyote aliyowahi kuandika.

"Orpa," alisema, "mugeni wako anafunga chumba?"

"Toka asubuhi. Na aliniomba ndoo ya maji. Nikasema labda ni usafi wa batu ba muji."

Saa tisa na nusu wanakamati walikusanyika kwenye kibaraza cha Orpa. Katungu alimpa Prezida simu.

"Angalia nyuma ya kobe. Unaona nini?"

"Batu. Bameinama."

"Banafanya nini?"

"Banafagia." Jean-de-Dieu alisogeza simu karibu. "Huyu wa kitenge ya manjano, si ni wewe?"

"Ni mimi. Salongo inaisha saa ngapi, Prezida?"

"Saa tatu kamili. Mimi ndiye napiga filimbi."

"Saa tatu na dakika kumi na mbili nilikuwa nimeshanawa. Kule laguni simu yake ilikamata Uganda. Hii picha ni ya saa mbili na dakika kumi na mbili. Mugeni hafagii. Alikuwa na saa nzima, na kijiji kizima kilimugeuzia mugongo." Alimgeukia Delphin. "Ukaangalia kobe tu. Sisi hukutuona."

Delphin alitoa ufunguo mwenyewe. Chumbani, ndani ya pipa lililofunikwa shuka, kobe watano walikuwa wakikwaruza plastiki.

"Sikupanga uongo wa saa," alisema polepole. "Niliona simu inanitetea, nikanyamaza."

"Na wavu?"

"Nilikuta pale. Sikujua ni ya nani."

"Ulipojua?"

Delphin alilifunika tena pipa kwa shuka.

"Juma lijalo wenzangu wawili wanakuja kupiga picha hapa," alisema baadaye. "Nimepeleka yangu kwenye maonyesho ya Beni. Nilitaka iwe ya mwisho, wao wakute gogo tupu. Kobe ningewaachilia mbali, mutoni, mama. Nisingewaua."

"Na Muyisa ungemwachilia wapi?"

Waliwarudisha kobe kabla ya saa kumi. Muyisa ndiye aliyewabeba, kwa pirogi yake mwenyewe, na hakuna aliyemsaidia kupiga kasia kwa sababu hakutaka.

Polisi hawakuitwa. Muyisa alipoulizwa, alisema anataka tu ukweli uandikwe kwenye karatasi. Delphin akaandika kwenye kibaraza: alichofanya, saa aliyofanya, jina la mtu aliyesingiziwa, na kwamba anaiondoa picha yake kwenye maonyesho. Katungu alisoma, akarudisha. "Andika jina la Muyisa lote." Aliandika.

Barua ilielekezwa kwa wenye maonyesho. Bahasha haikuwa na gundi, kwa hiyo Orpa akaleta tonge la bugali la moto. Katungu alilipaka ukingoni, akabana kwa kidole gumba mpaka likashika, kisha akaikabidhi barua kwa dereva wa lori la samaki la Beni, ambaye injini yake ilikuwa tayari inanguruma.