Mlango wa Udongo

"Ulitumwa na nani?" Mama Kabichi aliuliza. "Nakuuliza wewe, fundi."

Majirani tulishajaa uani, wengine na ndoo mkononi, tukijifanya tunapita. Fundi Rangi alisimama na kopo lake la rangi ya kijani. Kilichomuuma zaidi ni lile neno "fundi". Miaka yote mama huyu alimwita shemeji. Marehemu mumewe, seremala, alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Kila Jumapili Fundi Rangi alikula kwake.

Mama Kabichi alikuwa amesafiri wiki tatu kumuuguza dada yake. Bustani alimwachia Fundi Rangi. Ukutani palining'inia sanduku lililotengenezwa na marehemu. Ndani yake mlikuwa na vipande vya mti vilivyotobolewa matundu mengi membamba. Sisi tuliliita gesti ya wadudu na kulicheka.

Fundi Rangi aliona nyigu wakiingia humo. Aliona pia matundu mengine yamezibwa kwa udongo. Kwake yeye tundu ni adui. Kazi yake ni kuziba matundu ya kuta. Basi akakwangua udongo wote. Akaziba kila tundu kwa puti, kisha akapaka rangi mara mbili. Alitaka mwenyewe akirudi afurahi.

Mama aliporudi, majani ya kabichi yalikuwa kama wavu. Viwavi walikuwa wameyatafuna.

Tukamwita bibi shamba, mtaalamu wa kilimo wa eneo letu. Fundi Rangi alijitetea kwamba nyigu waliwahi kumshusha kwenye ngazi mbiombio, brashi ikabaki juu. Bibi shamba hakucheka. Alieleza kwamba wale huishi wengi na hulinda kiota kimoja. Hao wasichokozwe, aitwe mtu anayeijua kazi hiyo.

"Lakini hawa ni wengine," alisema. "Kila mmoja anaishi peke yake. Haumi ovyo, labda umbane. Jike anawinda viwavi. Anawachoma, wanalegea, anawapanga ndani ya tundu. Anataga yai humo, halafu anaziba mlango kwa udongo. Mtoto akianguliwa, anakuta chakula."

Fundi Rangi akauliza taratibu, "Kwa hiyo ule udongo nilioukwangua?"

"Nyuma ya kila udongo kulikuwa na mtoto."

Akakaa juu ya kopo lake. Alikuwa amekwangua milango ishirini na mitatu. Alichukua msumari akajaribu kuyafungua matundu, lakini puti ilishakuwa jiwe.

"Acha," Mama Kabichi alimwambia. "Aliyeyatoboa hayupo." Akaingia ndani, akafunga mlango. Jumapili ile Fundi Rangi alikula mkate mkavu chumbani kwake mwenyewe.

Kesho yake alimfuata bibi shamba, akaelezwa vizuri. Atafute mti mkavu, usio na dawa wala rangi. Matundu yawe na upana wa penseli, ndani laini, yasitokeze upande wa pili. Sanduku lielekee jua la asubuhi, mahali pasiponyeshewa. Dawa ya wadudu isipulizwe ovyo bustanini. Na udongo ukionekana mlangoni, usiguswe.

Alitutuma sisi tukamwombee drili ya marehemu, maana mwenyewe aliona haya. Mama hakufungua mlango. Aliipitisha dirishani.

Sanduku jipya likatundikwa kando ya lile la kijani. Wiki zikapita, hakuna mdudu. Kila asubuhi kabla ya kazi Fundi Rangi alilichungulia. Halafu aliokota viwavi kwa mkono upande mmoja wa tuta, Mama Kabichi upande wa pili, bila neno. Sisi wenye midomo tulimtania kwamba gesti yake haina wateja. Baadaye hata sisi tulinyamaza.

Jumapili moja mchana alibisha mlango. "Njoo uone," alisema.

Tundu moja lilikuwa limezibwa kwa udongo mbichi. Nyigu alikuwa akiburuta kiwavi kwenye tundu la pili. Mama Kabichi alitazama kwa muda mrefu. Kisha mkono wake ukaenda kwenye sanduku la kijani.

"Wale hawarudi," alisema.

"Najua. Nikalikwangue hili rangi?"

"Liache hivyo hivyo."

Alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akageuka kuelekea mlangoni. Safari hii hakuufunga.

"Nawa mikono uingie, shemeji. Chakula kinapoa."